Mazimbu, Simu ya Mkononi na Sauti ya Bibi

Atakayetaka kuijua Mazimbu kwa njia ya maandishi hatapata shida kubwa. Atasoma kwamba mwaka 1978 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilianzisha hapo, katika shamba la zamani la mkonge walilopewa na Serikali ya Tanzania, shule ya vijana waliokimbia ubaguzi wa rangi. Atajua kwamba ilipewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, na kwamba mwaka 1992 ilikabidhiwa kwa Serikali yetu. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Nyaraka za shule hiyo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini.

Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, nyaraka za shule huwahusu zaidi wageni waliopokelewa kuliko wenyeji waliowapokea. Kumbukumbu za wenyeji zimo vifuani mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Kwa sababu hiyo huwahimiza wanafunzi wangu hapa Mzumbe wafanye jambo dogo: mzee mmoja, swali moja, dakika tano, simu ya mkononi. Hakuna mfadhili wala kamati. Sauti huunganishwa na picha ya kitu kimoja ambacho mzee amekitunza.

Kundi moja lilirudi na sauti ya bibi aliyeishi jirani na Mazimbu. Picha yao ilikuwa ya blanketi. Bibi anasimulia kwa Kiswahili nyimbo zilizosikika jioni, na rafiki aliyempa blanketi hilo. Anapofika siku ambayo jirani zake walifungasha kurudi kwao, anahamia Kiluguru, kisha ananyamaza. Vijana wale, ambao hakuna aliyekijua Kiluguru, walitaka kuikata sehemu hiyo kwa kuwa “haina maudhui”. Niliwashauri waiache na wamtafute mjukuu awatafsirie. Bibi alikuwa akisema kwamba hadi leo hajapata wa kumuuliza kama rafiki yake alifika salama.

Ukombozi wa Kusini mwa Afrika tumezoea kuusimulia kama kazi ya vyama na serikali. Sauti ile inatukumbusha kwamba ulikuwa pia ujirani, na kwamba ujirani huo ulikuwa na gharama ambayo haikuandikwa katika hati yoyote ya makabidhiano.

Ndugu zangu watumishi wa umma, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inalinda nyaraka za umma. Sauti ya bibi si waraka wa umma. Ikibaki katika kundi la WhatsApp, itapotea siku simu itakapoharibika. Halmashauri na maktaba zetu zingeweza kupokea kazi za namna hii kwa masharti mepesi: jina la faili linaloeleweka, tarehe, mahali, lugha, na ridhaa ya msimuliaji, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Wanafunzi wale walitengeneza nakala tatu. Ya kwanza waliikabidhi kwa familia ya bibi. Mbili zilizobaki zinasubiri ofisi itakayokubali kuzipokea.