Kutoka Rubona Hadi Stesheni: Mizigo Saba na Saa Moja Iliyopotea



Ndugu wasomaji, kwetu Rubona, pale ziwani karibu na kiwanda cha bia na bandari ya Ziwa Kivu, ukimwambia dereva wa pikipiki akupeleke "gare" atakupeleka stendi ya mabasi ya Gisenyi. Neno hilo ni la Kifaransa na kwa wenyewe maana yake ni stesheni ya treni. Sisi tumechukua jina, treni hatunayo. Mpango wa reli ya kutoka Isaka hadi Kigali umezungumzwa miaka mingi, na mwaka 2018 Rwanda na Tanzania zilikubaliana kuijenga, lakini mpaka leo hakuna reli iliyofika kwetu. Basi mtu wa Rubona akitaka kufika stesheni ya kweli, inambidi avuke mpaka. Tunataka kuwasimulia jinsi tulivyofika, kwa kuwa familia nyingi zina watoto wanaokwenda kusoma nchi jirani, na huenda makosa yetu yakawafaa.

Kaka yetu alipata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, chuo kilichoanza mwaka 2005. Alhamdulillah, ilikuwa furaha kubwa nyumbani. Baba akasema hatamwacha mtoto aende peke yake mara ya kwanza, atamfikisha hadi mlangoni. Mama akasema naye anakwenda. Dada yetu mdogo akalia mpaka akaruhusiwa. Tukawa wanne. Na kwa kuwa treni mpya ya umeme, ile ya SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 na inasimama Morogoro, Baba akaamua kipande cha mwisho tukipande kwa treni. Hakusema sana, lakini tulijua sababu. Umri wote huo alikuwa hajawahi kuona treni kwa macho yake.

Mizigo ilikuwa saba. Masanduku mawili ya Kaka, begi la vitabu, begi la Mama, mfuko wa chakula cha njiani, godoro jembamba lililoviringishwa, na kiroba. Hicho kiroba ndicho kisa chenyewe. Mama alikijaza maharage na sambaza zilizokaushwa, kilo 25 hivi, akakishona kwa uzi wa katani. Kaka alipokiona alinuna. "Mama, Morogoro hakuna maharage? Wenzangu watanionaje nikiingia chuoni na kiroba kinachonuka samaki?" Mama hakumjibu. Baba alisema tu, "Kiroba nitakibeba mimi."

Kutoka Rubona hadi Gisenyi ni kilomita kama 6 au 7, barabara inafuata ziwa. Pikipiki huchukua abiria mmoja tu na lazima avae kofia, kwa hiyo masanduku hayapandi. Tulikodi baiskeli mbili za mizigo zitangulie alfajiri, Baba akitembea nazo kwa miguu hadi gare. Tulikuwa tumekwisha toa mifuko yote ya plastiki, kwani Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2019. Mama alifunga kila kitu kwa vitenge. Tulisoma dua ya safari, tukapanda basi la Kigali kupitia Musanze, tukalala kwa shangazi.

Siku ya pili tuliondoka Nyabugogo mapema. Rusumo tukateremka sote, pasi zikagongwa mihuri, tukavuka Mto Kagera. Ng'ambo ya daraja dereva alihama upande wa kulia wa barabara akaenda kushoto, na Dada akapiga kelele akidhani amekosea. Tukacheka sana. Hakuna aliyekumbuka kwamba si barabara tu inayobadilika pale. Tanzania iko mbele ya Rwanda kwa saa nzima. Tulibadilisha upande wa barabara, hatukubadilisha saa.

Mtauliza, haiwezekani watu wanne wasitambue siku nzima? Inawezekana, wallahi. Simu zetu zilikuwa na laini za Rwanda, tukazizima mtandao tusikatwe pesa, kwa hiyo zilibaki na saa ya nyumbani. Baba ana saa yake ya mkononi ya zamani. Na jua lilitudanganya. Tulilala Kahama, na adhana ya Alfajiri ilipolia, saa ya Baba ilionyesha karibu wakati uleule wa nyumbani, tofauti ya kama robo saa tu. Kahama iko mashariki ya kwetu, lakini si mbali kiasi cha saa nzima. Binadamu ndio waliosogeza mishale, jua halikusogea. Tulipomaliza kuswali tukaenda moja kwa moja stendi, jirani tu, tukawahi viti vya mbele. Tiketi iliandikwa saa 12. Basi likaondoka, na kwa saa ya Baba ilikuwa saa 11. Badala ya kushtuka, Baba akasifu: "Mabasi ya huku yanajali wakati!"

Tulipita Nzega, Singida na Manyoni, tukafika stendi kuu ya Dodoma, ile ya Nane Nane. Treni yetu ilikuwa ya jioni, na kwa hesabu yetu tulibakiwa na saa mbili kamili. Tukaenda msikitini tuswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja kama wasafiri. Tukawakuta watu wanapanga safu za Alasiri. Baba akanong'ona, "Huku wanawahi." Upande wa wanawake, Dada aliinua macho akaiona saa ya ukutani. Alitoka mbio mpaka kizingitini. "Baba, saa yao iko mbele!" Kijana mmoja akatujibu kwa upole, "Hapana, yenu ndiyo iko nyuma."

Ilibaki saa moja. Stendi iko mbali na stesheni, na stesheni abiria na mizigo hukaguliwa kabla ya kuingia. Kondakta wa daladala alitazama vitu vyetu akasema tulipie viti vya mizigo, na kiroba kisubiri gari linalofuata. Alikuwa na haki yake. Tukakimbilia bajaji. Mama, Kaka na Dada wakaingia ya kwanza na masanduku. Baba akaingia ya pili na godoro na kiroba. Hapo ndipo tulipofanya kosa la pili, kwani tiketi zote nne zilikuwa mfukoni mwa Baba.

Watatu walifika wakasimama mlangoni, wakiona watu wanaingia, wasiweze kuingia. Mama alikuwa akivuta istighfari. Kaka alitazama barabara bila kupepesa macho. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni kile kiroba." Bajaji ya Baba ilitokea zikiwa zimebaki dakika chache. Kamba ya kiroba ilikuwa imekatika njiani, na yeye akasimama kuokota. Baba hakuteremka na mzigo. Aliruka peke yake, akampa Kaka tiketi tatu, akasema, "Ingieni. Nikianza kuvuta hivi vitu tutakosa sote." Mama akataka kubishana, akamtazama, akanyamaza.

Waliingia. Treni iliondoka taratibu, bila moshi wala kelele tulizozitarajia. Baba alibaki nje na kiroba na godoro. Treni aliyoitoka Rubona kuja kuiona, aliiona ubavuni, kwa mbali, inaondoka na familia yake.

Ndani ya treni Kaka hakusema neno mpaka giza likaingia. Dada alimwambia tutazame dirishani, akakataa.

Kesho yake mchana Baba alifika Morogoro kwa basi, macho mekundu, kiroba kimeshonwa upya kwa mkono wake. Tulimpokea stendi. Alipoinama kukibeba, Kaka alimtangulia. Akakiweka kichwani mwake, na tulipofika chuoni akaingia nacho getini mbele ya wenzake wote. Mmoja akauliza kuna nini humo. Kaka akajibu, "Sambaza za kwetu Rubona. Jioni njooni mle." Baba aligeuka upande, akajifanya anatafuta leso.

Ndugu zetu mtakaosafiri, tunawausia haya. Mkivuka Rusumo, sogezeni saa mbele kabla ya kitu kingine chochote. Kila mtu ashike tiketi na pasi yake mwenyewe, hata mtoto. Hesabuni mizigo kwa bajaji mtakazopanda mjini, si kwa ukubwa wa basi, maana mzigo uliopita bila shida kwenye basi hukwama mjini. Na nyinyi wanafunzi, mkiona mzazi ameshona kiroba, msiuone mzigo wake tu, muuone na mkono ulioushona.

Kurudi, Baba na Mama na Dada walipanda treni hadi Dodoma. Baba alikaa dirishani njia nzima. Saa yake ilikuwa sawa.

Allah awajaalie wasafiri wote salama, na wanafunzi wetu elimu yenye manufaa. Aamin.

Wassalaam aleykum.