Nilipima barabara yetu, mama mboga akadhani nimekuja kubomoa

Jumapili moja saa kumi na mbili asubuhi, mimi na brathe yangu mdogo tulikuwa tumechuchumaa barabarani na tepe ya fundi. Hakuna matatu, hakuna boda, jua ndio linaamka. Yeye anashika mwanzo wa tepe, mimi navuta hadi pale lami inaishia, naandika namba kwa simu. Mama mboga wa pale steji alikuwa anapanga sukuma zake. Akatuangalia kama dakika mbili hivi, halafu akauliza kwa sauti ya chini:

"Kijana, mnabomoa lini?"

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Kama umekulia Nairobi unaelewa. Mtu akija kupima barabara, mara nyingi tingatinga iko nyuma yake. Kwanza tepe, halafu alama ya X ya rangi nyekundu kwa kibanda, halafu usiku mmoja unasikia mabati yakilia. Kwa hivyo nikamwambia haraka, "Hapana mathe, hatubomoi kitu. Tunaiweka hii barabara kwa kompyuta."

Akanyamaza kidogo. "Na mimi utaniweka?"

Nikasema ndio. Nilisema tu ili atulie, sikujua nimeahidi nini.

Wacha nieleze tulichokuwa tunafanya. Kuna programu zinaitwa simuleta. Zinaiga uendeshaji: gari linatembea kwenye skrini, linapiga kona, linafunga breki, na hakuna mtu anaumia. Wanaotengeneza magari yanayojiendesha huyajaribu huko kwanza. Hata mtu anayejifunza kuendesha anaweza kuzoea huko kabla aingie kwa lami. Nilikuwa nimechoka kuona barabara za huko ndani. Ziko safi, pana, tupu. Nikasema wacha niingize barabara yetu, ile inayotoka Thika Road kuingia mtaani. Mita mia sita tu. Itakuwa ngumu aje?

Sasa, kompyuta haioni barabara venye wewe unaiona. Picha haisaidii peke yake. Lazima barabara iandikwe, leni kwa leni, kama data. Mfumo niliotumia unaitwa OpenDRIVE. Ulianzia Ujerumani katikati ya miaka ya 2000, na tangu 2018 unasimamiwa na shirika la viwango linaloitwa ASAM. Ni faili la maandishi tu, unaweza kulifungua na kulisoma kama barua. Na si lazima uwe na mashine ya bei. Nilitumia programu ya bure inayoitwa esmini kuangalia kazi yangu, kwa laptopu ya kuazima.

Unaanza na mstari mmoja, uti wa mgongo wa barabara. Huo mstari ndio leni namba 0, na hauna upana. Leni za kushoto kwake ni 1, 2, 3 ukienda nje. Za kulia ni -1, -2, -3. Nilipenda sana hiyo sehemu. Kumbe barabara yote unaweza kuihesabu kutoka katikati kwenda pembeni.

Kona nazo nilifikiri ni vipande vya duara. La. Hebu mwangalie dere mzuri akiingia kona: hakati usukani ghafla, anauzungusha polepole mpaka kona inamkubali. Barabara nzuri huchorwa hivyo hivyo. Mstari ulionyooka, halafu kipande kinachojikunja kidogo kidogo, kinaitwa klothoidi, halafu ndio duara. Ukikosa hicho kipande cha katikati, gari la kwenye skrini linashtuka kama mtu aliyegongwa kiwiko.

Upana pia hauandikwi kwa namba moja. Unaandikwa kwa namba nne: moja ya upana pale mwanzo, na tatu za kusema venye unabadilika ukisonga mbele. Na kwetu unabadilika! Lami imeliwa kando kama mandazi. Mahali pamoja nilipata leni ina mita 3.2, hatua chache mbele ikawa 2.6. Ndiyo maana tulikuwa na tepe. Kwenye OpenStreetMap barabara yetu ipo, lakini ni mstari mmoja wenye jina. Mstari haukuambii lami imeliwa wapi.

Nikamaliza toleo la kwanza usiku, nikaweka gari moja, nikabonyeza. Gari likaondoka likitazamana uso kwa uso na magari yanayokuja. Nilikuwa nimesahau kuandika kwamba hapa tunaendesha kushoto. Usiposema, mfumo unachukulia mnaendesha kulia. Nilicheka peke yangu saa saba usiku, lakini hilo jambo likanikaa. Kitu ambacho kila mtoto wa hapa anajua, faili halikijui hadi mtu akiandike.

Halafu nikafika kando ya lami, na hapo ndipo kicheko kiliisha.

Nikiwa Form Two, kioo cha matatu kilinigonga bega nikitoka shule. Sikuwa kwa lami. Nilikuwa kwa mchanga wa kando, mahali sote tunapita kwa miguu. Ilikuwa jioni, jam imeshika, dere akaamua kupitia huko nje. Nikaanguka, vitabu vikaingia mtaroni. Konda akachungulia nje akanifokea, "Kwani huoni gari?" Wakaenda. Sikuvunjika kitu, lakini mkono ulikaa siku nyingi haupandi juu ya kichwa.

Sasa niko kwa laptopu, nimefika mahali pale pale, na faili linaniuliza swali moja: hii leni ni ya aina gani? Lazima uchague. Kuna aina ya leni ya gari, ya bega la barabara, ya baiskeli, ya kuegesha, ya miguu. Nikiandika ni bega, basi gari la kwenye skrini litaamini hapo hakuna anayepita: si matatu, si mimi. Nikiandika ni leni ya gari, juu kila jioni magari yanapita hapo, basi nimelipa gari ruhusa. Litapita hapo saa yoyote kwa roho safi, kwa sababu mimi ndiye niliyeliambia ni lake.

Nilimuuliza rafiki yangu anayesoma uhandisi. Yeye akasema, "Buda, andika barabara venye iko. Watu wanapita hapo, weka leni." Nilikaa na hilo wazo siku mbili na nikalikataa. Nitawaambia kwa nini.

Barabara na tabia ni vitu viwili. Hata watengenezaji wa hii mifumo wanalijua hilo, ndiyo maana kuna faili mbili. OpenDRIVE inaandika barabara yenyewe: leni, kona, alama. OpenSCENARIO inaandika nani anafanya nini juu yake: huyu anafunga breki hapa, yule anakata mbele ya mwingine. Matatu kupita kando wakati wa jam ni tabia. Itaingia kwa faili la pili, na gari linalojifunza lazima likutane nayo, maana ndiyo hali halisi. Lakini haitaingia kwa ramani. Ukishaiweka kwa ramani, umegeuza kosa kuwa barabara.

Nikasema sawa, basi na miguu yetu? Nayo ni tabia? Hapo ndipo watu wengi hukosea, hata wale wana nia nzuri. Wanaona mtu anatembea kwa mchanga, wanasema Wakenya hawafuati sheria. Sheria gani? Barabara yetu haikujengewa njia ya miguu. Ile njia iliyokanyagwa hadi nyasi zikaisha, inayopita nyuma ya mtaro na kurudi kando ya lami pale steji, imekuwepo kabla sijazaliwa. Watu hupita hapo asubuhi, mchana na usiku, pande zote mbili. Hiyo si tabia. Hiyo ni barabara ambayo hakuna mtu aliiandika.

Kila mwaka, zaidi ya watu 4,000 hufa kwa barabara za Kenya. Zaidi ya mmoja kati ya kila watatu ni mtu aliyekuwa anatembea kwa miguu. Hakuna kundi lingine linalozikwa kwa wingi kama hilo. Halafu tunachora barabara kama hao watu ni kelele ya pembeni.

Kwa hivyo nikaiandika. Ilikuwa kazi, kwa sababu leni hupangwa kama maganda ya kitunguu, moja inaanza pale nyingine inaishia. Huwezi kuruka. Kati ya lami na ile njia kuna mtaro, na mtaro pia lazima uwe leni, ya aina isiyo ya mtu yeyote. Baada ya mtaro ndio nikaweka leni ya miguu. Tulirudi tukapima, upana mita moja na kidogo. Pale njia inaposonga hadi kuisha, nikaacha isonge hadi iishe, ili gari lijue kwamba hapo watu hawana pa kwenda isipokuwa kwa lami. Sikutaka kuipamba. Nilitaka gari liogope pale panapofaa kuogopwa.

Bado kulikuwa na ahadi yangu. Kibanda si leni. Kwenye mfumo, vitu vya kando vina orodha yao: mti, nguzo, jengo, kivuko. Nikaipitia mara mbili. Kitu kisicho na mahali pengine pa kuwekwa kinaingia aina moja, na jina lake ni kizuizi. Hiyo ndiyo iliyomfaa. Mama aliyelisha nusu ya mtaa, anayekukopesha nyanya hadi mwisho wa mwezi: kizuizi, mita mbili kwa moja na nusu.

Sisemi walioandika ile orodha ni wabaya. Waliandika barabara wanayoijua. Na mifumo hubadilika, watu wakiishughulikia. Si unakumbuka ramani ya Digital Matatus ya 2014? Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu na simu mkononi, wakarekodi njia zaidi ya 100, wakishirikiana na watu wa MIT na Columbia. Mfumo wa data waliotumia ulitengenezewa mabasi yenye ratiba na vituo vilivyopangwa. Matatu haina ratiba, inaondoka ikijaa. Ikabidi mfumo uzoee matatu, si matatu izoee mfumo. Mwaka uliofuata njia za matatu zikaonekana kwenye Google Maps. Kabla ya hapo, kwa kompyuta, safari ya kila siku ya mji mzima ilikuwa haipo.

Kwa hivyo ukiniuliza maoni yangu, ni haya. Leni si rangi kwa lami. Leni ni makubaliano kuhusu nani ana haki ya kuwa wapi, na data ndiyo mahali makubaliano hayo yanaandikwa siku hizi. Magari yatakuja na ramani tayari, tupende tusipende. Mwenye kuandika akiwa mbali, ataandika lami peke yake, maana lami ndiyo inayoonekana kutoka juu. Ile njia ya nyuma ya mtaro inaonekana na mtu anayeipita.

Jumamosi iliyofuata nikampelekea mama mboga laptopu. Nikamwonyesha barabara, gari likipita polepole, steji, na kisanduku cha kijivu kando.

"Huyo ndio mimi?"

"Ndio mathe."

Akakiangalia sana. "Hata mwavuli hukuniwekea?"

Nikaomba msamaha. Akacheka sasa, mara ya kwanza tangu siku ya tepe. Halafu akanyoosha kidole karibu aguse skrini. "Na hapa umekosea. Watoto wa shule hawapiti hapa mbele. Hupita nyuma yangu, huku kwa ukuta, halafu wanatokea ghafla hapa kwa lami. Saa kumi na mbili na nusu. Mimi ndio huwa nawashika mkono."

Nimekaa huo mtaa miaka yangu yote na sikujua. Haikuwa kwa faili, haikuwa kwa ramani, haikuwa hata kwa kichwa changu. Ilikuwa kwa kichwa cha kizuizi.

Jumapili tulirudi na tepe. Safari hii yeye ndiye aliyeshika mwanzo.