Lile Jumba la Kilwa Kisiwani: Vyumba Zaidi ya 100, Halafu Likaachwa Halijaisha

Wadau wengi wakifika Kilwa Kisiwani wanapiga picha kwenye lile birika la pembe nane, wanarusha mtandaoni, safari imeisha. Nyumba ilikuwa ya nani? Hakuna anayeuliza.

Inaitwa Husuni Kubwa. Wa Tingi wanajua njia: Nangurukuru, gari la Masoko, halafu boti. Ipo juu ya jabali, bahari iko chini yake. Aliyeijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, kwa matumbawe na chokaa. Upande mmoja makazi ya familia, baraza na birika la kuogea. Upande wa kusini ua mpana wenye vyumba vinavyodhaniwa kuwa ni vya biashara. Yaani jamaa analala na mzigo wake hapo hapo! Pesa ilikuwa ya dhahabu iliyopitia Sofala, na sarafu yenye jina lake imeokotwa hadi Great Zimbabwe, bara kabisa.

Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331. Watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, tena njiani wakitoka swala ya Ijumaa. Sultani akaenda kuvua, akampa. Mwisho wa siku fakiri akaondoka na watumwa na pembe za ndovu. Msipite haraka hapo: zile zawadi zilikuwa na watu ndani yake, na hao hakuna aliyeandika majina yao.

Sultani akafariki, akarithi ndugu yake Daud. Huyu mkono wa birika! Mwombaji akija anajibiwa kuwa mtoaji kafa na hakuacha cha kutoa. Wageni walikaa miezi ndipo wapate kidogo, mpaka wakaacha kwenda.

Na jumba nalo halikumaliziwa. Halikukaliwa hata miaka mingi, likaachwa. Nyumba za familia ngapi ziko hivyo mtaani, mjenzi kazikwa na nondo zimebaki juu?

Neville Chittick alikuja kulifukua miaka ya 1960. UNESCO ikayaweka magofu ya Kilwa kwenye urithi wa dunia 1981, ikayataja kuwa hatarini 2004, ikayatoa kwenye orodha hiyo 2014 baada ya ukarabati. Bahari bado inakula ufukwe.

Mnaokwenda, kibali kinachukuliwa Masoko kabla ya kupanda boti.