Nyota Iliyochelewa Kuonekana

Methali isemayo kuwa nyota njema huonekana asubuhi niliwahi kuitumia kama rungu. Nilikuwa katika mwaka wa pili chuoni, mmoja wa wahariri wa jarida la chama cha Kiswahili, na kama ilivyo kwa wengi wanaokabidhiwa kalamu nyekundu kabla ya kukomaa, nilidhani kazi ya mhariri ni kukataa. Mapema mwaka 2014 mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliniletea hadithi yake, kurasa arubaini zilizoandikwa kwa mkono upande mmoja wa karatasi. Nilisoma sita. Katika kurasa hizo palikuwa na ziwa, mitumbwi, nyanya aliyeketi kizingitini akichambua omena, na maelezo marefu ya mawingu. Hapakuwa na jambo lililotendeka. Nilizirudisha karatasi zote zikiwa na ile methali juu ya ukurasa wa kwanza, na chini yake maneno matatu: "Hapa sijaiona nyota." Mwenyewe alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda zake.

Miezi kadhaa baadaye, muhula ukielekea ukingoni, mwandishi yuleyule alibisha mlango wa chumba changu bwenini. Mkononi alikuwa na diski za filamu, zile zilizouzwa shilingi hamsini katika vibanda vya mjini na ambazo uhalali wake hatukuuliza (tulipaswa kuuliza, lakini huo ni mjadala wa siku nyingine). "Ndugu mhariri," aliniambia kwa adabu ambayo hadi leo sijui kama ilikuwa na kejeli ndani yake, "hii ni tamthilia ya mashujaa. Ina sehemu 22. Nakuomba usitoe hukumu kabla hujaifikia ya 17."

Tamthilia yenyewe ni Agents of S.H.I.E.L.D., iliyoanza kuonyeshwa na stesheni ya ABC nchini Marekani tarehe 24 Septemba 2013. Ulimwengu wake ni ule wa filamu za Marvel, ulimwengu wa majabali wanaopaa angani na miungu wenye nyundo. Hata hivyo, mashujaa wa tamthilia hii hawakuwa na nguvu zozote za ajabu. Ni kikosi cha watu sita wanaozunguka duniani ndani ya ndege moja kubwa. Kiongozi wao ni Phil Coulson, jasusi wa makamo aliyeuawa katika filamu ya The Avengers ya mwaka 2012 na ambaye sasa, bila maelezo ya kuridhisha, anatembea na kutabasamu. Yupo Melinda May, rubani mkimya anayepigana vizuri kuliko anavyozungumza. Wapo Fitz na Simmons, wanasayansi vijana ambao huwezi kumtaja mmoja bila ya mwingine. Yupo Skye, mdukuzi wa kompyuta asiyewajua wazazi wake, na yupo Grant Ward, kijana wa taya pana na ngumi nzito, askari mtiifu.

Kuna tukio moja mwanzoni mwa sehemu ya nane ambalo, bila kukusudia, lilitoa muhtasari wa tatizo zima. Filamu ya pili ya Thor ilikuwa imetoka majuma machache tu kabla ya hapo, na katika filamu hiyo mtaa wa Greenwich jijini London unavunjwavunjwa katika vita vya miungu. Kikosi chetu kinaonekana kikiwa Greenwich, kikiokota vifusi. Naam, kinafagia. Wakubwa wamekula karamu kwenye sinema, na watoto wa televisheni wameachiwa kuondoa vyombo.

Wamarekani waliona hivyo pia. Usiku wa kwanza, sehemu iliyoongozwa na Joss Whedon, mwongozaji wa The Avengers, ilitazamwa na watu wapatao milioni 12. Msimu ulipokuwa ukimalizika mwezi Mei 2014, waliosalia hawakufika nusu yao. Mimi nisingewalaumu waliotoroka. Sehemu ya pili inakipeleka kikosi Peru, ya tatu Malta, ya tano Hong Kong, na kila mahali mambo ni yale yale: kunapatikana kitu cha ajabu, wanajikwaa, wanatupiana mizaha isiyochekesha, wanashinda, wanarudi ndegeni. Katika sehemu ya nne nililala usingizi, na nilipoamka kuelekea mwisho wake sikuhisi kwamba nilikuwa nimepoteza kitu. Walimu wetu wa fasihi walikuwa wametufundisha kutofautisha mhusika bapa na mhusika duara. Ward alikuwa bapa kama sahani. Niliandika hivyo pambizoni mwa daftari langu, nikapigia mstari.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo kimoja, ingawa sifa zote hupewa sehemu ya 17. Dalili zilianza katika sehemu ya sita. Simmons anaambukizwa maradhi yatokanayo na viumbe wa sayari nyingine, na anapoona kwamba atawaua wenzake wote angani, anajirusha nje ya ndege. Fitz anahangaika na parachuti ili amfuate akiwa na dawa. Ward anaichukua dawa, anaruka yeye, anamdaka Simmons hewani na kumwokoa. Kwa mara ya kwanza niliwaona watu, si majina. Kisha ikaja sehemu ya 11, ambapo Coulson, aliyekuwa akiamini kwamba alipona kidonda chake akipumzika Tahiti, anagundua kuwa kumbukumbu hiyo ni ya kupandikizwa: alikuwa maiti kwa siku kadhaa, na madaktari waliomrudishia uhai walimsikia akiwasihi wamwache afe. Hapo taharuki ilipata mzizi. Swali halikuwa tena kikosi kitashindaje, bali kiongozi wake ni mtu wa namna gani na ni nani aliyemfanya awe hivyo.

Tarehe 4 Aprili 2014 filamu ya Captain America: The Winter Soldier ilianza kuonyeshwa Marekani. Katika filamu hiyo inafichuka kwamba S.H.I.E.L.D., shirika la kijasusi ambalo Coulson na wenzake wanalitumikia, limekuwa likiliwa kutoka ndani kwa miongo mingi na kundi la Hydra. Siku nne baadaye ikaonyeshwa sehemu ya 17. Filamu ilikuwa imebomoa nyumba. Televisheni ikatuonyesha waliokuwa wamelala ndani. Hakuna anayejua wa kumwamini. Marafiki wanaelekezeana bastola. Mwishoni, Ward, yule askari mtiifu, anaketi ndani ya ndege inayompeleka gerezani John Garrett, mwalimu wake wa zamani aliyegunduliwa kuwa msaliti. Victoria Hand, afisa wa ngazi ya juu, anamruhusu Ward ampige Garrett risasi. Ward anainuka, anawapiga risasi walinzi, kisha anampiga Hand mwenyewe. Alikuwa wa Hydra tangu siku ya kwanza.

Niliketi kitandani nikiikodolea macho kompyuta, huku mwenzangu wa chumbani akiniuliza kama nimepokea habari mbaya kutoka nyumbani. Ule ubapa nilioupigia mstari ulikuwa barakoa. Mtu yule hakuwa na undani kwa sababu undani wake alikuwa ameuficha, na mimi, mwanafunzi wa uhakiki, nilikuwa nimeupima unene wa barakoa nikidhani ninapima uso.

Sehemu tano zilizobaki nilizitazama bila kulala. Katika ya 19, Skye anaipata maiti ya mtu aliyeuawa na Ward ikiwa imefichwa juu ya dari. Analia peke yake, anajifuta machozi, kisha anatoka na kumtabasamia muuaji. Katika ya 20 wanaketi mkahawani, yeye akivuta wakati, Ward akidhani bado anapendwa. Sisi tunajua, Skye anajua, Ward hajui kwamba anajulikana. Hakuna mtu anayepaa angani katika onyesho hilo. Ni meza moja na watu wawili, na mapigo ya moyo wangu yalikuwa yakisikika. Katika ya 21, Fitz na Simmons wanajifungia ndani ya chumba kidogo cha tiba kilicho ndegeni. Ward anasimama nje ya kioo, Fitz akimsihi, naye anabonyeza kitufe na kuwatumbukiza baharini pamoja na chumba chao. Ni Ward yuleyule aliyemrukia Simmons angani katika sehemu ya sita. Sasa anamwangusha. Na Fitz, aliyenyang'anywa nafasi ya kuruka siku ile, ndiye anayempa Simmons pumzi ya mwisho ya oksijeni huko chini ya bahari, akimwambia kwamba yeye kwake ni zaidi ya rafiki. Fitz hafi, lakini ubongo wake unajeruhiwa kwa kukosa hewa, na msimu unaisha tukiwa hatujui atabaki na kiasi gani cha akili yake.

Yafaa kuuliza, basi, kama wema wa mwisho unausafisha ubovu wa mwanzo. Watunzi, Jed Whedon na Maurissa Tancharoen, walieleza baadaye kwamba siri ya Hydra waliijua mapema, ila hawangeweza kuitamka hadi filamu itoke. Walilazimika kujaza miezi zaidi ya sita midomo ikiwa imefungwa. Hilo naliheshimu kama sababu. Kama udhuru, nalikubali nusu tu. Siri ya Hydra haikumlazimisha mtu yeyote kuandika mizaha mibovu. Upo mwendo wa polepole unaoweka akiba, kama ule wa sehemu ya sita, na upo mwendo wa polepole unaopoteza wakati tu, kama ule wa Peru. Nitaambiwa kwamba yale madini ya ajabu ya Malta yalirejea na kuwa na uzito mkubwa katika msimu wa tano, mwaka 2018. Ni kweli. Lakini ni mdai gani mwenye akili timamu anayekopesha jioni moja ya Oktoba 2013 ili alipwe baada ya miaka minne na ushei?

Fanani wa jadi hakuwa na shida hii. Alipoona watoto wanasinzia kando ya moto alibadilisha sauti, akaleta zimwi kabla ya wakati wake, au akafupisha safari ya sungura. Mtunzi wa televisheni hupata takwimu za watazamaji kila juma, lakini wakati huo sehemu zifuatazo zimekwisha kupigwa picha. Anawaona watu wakitoka mlangoni naye hawezi kuwaita. Mtunzi wa kitabu cha kutahiniwa, kwa upande mwingine, ana bahati ya ajabu. Waliosoma Kidagaa Kimemwozea kwa ajili ya KCSE hawakuwa na ruhusa ya kuifunga katika sura ya pili, hata kama wangetaka. Nashuku kwamba sisi wasomi wa Kiswahili tumejifunza uvumilivu wetu kutoka kwa mtihani, ndiyo maana panapokosekana mtihani hatuna uvumilivu hata kidogo.

Usiku ule nilifanya hesabu ambayo haikunipendeza. Kurasa sita kati ya arubaini ni sawa na kuitazama tamthilia ile hadi Malta, kisha kuzima kompyuta. Nilikuwa na haki ya kuchoka, na hata leo nasema yale mawingu yalikuwa mengi mno. Sikuwa na haki ya kuandika hukumu juu ya kurasa 34 ambazo jicho langu halikuzigusa. Aliyeacha kutazama katika sehemu ya nne anaweza kusema, "Nilichoka," na hakuna atakayembishia. Akisema, "Haina kitu," anatoa ushahidi wa mambo asiyoyashuhudia.

Asubuhi nilikwenda kumtafuta mwandishi bwenini kwake. Nilimrudishia diski, nikamwambia kwamba nimefika mwisho, na kwamba naiomba tena hadithi yake. Alicheka. Alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda na kutoa rundo la karatasi ambalo nililitambua kwa wino wangu mwekundu. Karatasi zilikuwa zimeandikwa upande mmoja tu, na kwa kuwa karatasi hazipatikani bure, alikuwa ametumia migongo yake kufanyia mazoezi ya isimu. Nilipogeuza ukurasa wa kwanza nilikuta michoro ya matawi: sentensi, kirai nomino, kirai kitenzi. Nyingi alikuwa ameziwasilisha kwa mhadhiri kama kazi ya ziada na hazikurudi. Nyingine zilikwenda kuwashia jiko. Zilibaki kumi na moja.

Nilizisoma nikiwa nimeketi pale pale kitandani pake. Kurasa sita za mwanzo zilikuwa kama nilivyozikumbuka. Katika ukurasa wa saba yule nyanya anaacha kuchambua omena kwa sababu ameuona mtumbwi unaorudi ukiwa na watu wawili ilhali alfajiri ulitoka na watatu. Katika wa tisa inabainika kwamba mawingu yote yale alikuwa akiyatazama yeye, akihesabu saa. Ukurasa wa kumi na moja unamwonyesha akiteremka ufuoni, watu wakimpisha njia bila kusema, na mmoja wa wale wawili akifungua kinywa ili aanze kumweleza kilichotokea. Sentensi inakatika hapo, baada ya neno "nyanya" na alama ya mkato.

Nilimwuliza mtumbwini kulitokea nini. Alisema kwamba amesahau. Sasa ni mwalimu wa shule ya upili, na tunawasiliana mara kwa mara. Ile tamthilia iliendelea hadi Agosti 2020, misimu saba, na tuliijadili hadi mwisho wake kwa simu. Mara mbili nimemwomba aimalizie hadithi ile. Mara ya pili aliniambia kwamba ana madaftari mia na ushei ya insha za kusahihisha, na kwamba yeye huzisoma zote hadi mwisho.