Barua kutoka Marekani: Kileo, Gari na Miaka 21

Katika majimbo yote 50 ya Marekani umri halali wa kununua kileo ni miaka 21, ilhali raia wa huko hupiga kura na kujiunga na jeshi akiwa na 18. Mwanafunzi aliyetoka Nairobi au Dar es Salaam, ambako 18 inatosha, hupigwa na butwaa anapochorwa alama ya X kwa wino mweusi nyuma ya kiganja, mlangoni mwa ukumbi wa muziki, ili mhudumu wa baa asimuuzie hata bia moja.

Wanaotaka umri huo ushushwe huanzia hapo. Mwaka 2008 wakuu wa vyuo zaidi ya 100, wakiongozwa na John McCardell, aliyewahi kuwa mkuu wa Chuo cha Middlebury, walitia saini tamko lililopewa jina la Amethyst, kito ambacho Wayunani wa kale waliamini humkinga mtu na ulevi, wakitaka sheria ijadiliwe upya kwa kuwa katazo halikuwatenga vijana na pombe bali liliwasukuma mabwenini, wakanywe kwa pupa na kwa siri.

Hoja hiyo ina uzito, ila imesahau gari. Umri wa kupiga kura uliposhushwa hadi 18 mwaka 1971, majimbo mengi yalishusha na ule wa kunywa, mengine yakakataa, na vijana wakawa wanavuka usiku kwenda kulewa jimbo jirani, kisha wanarudi wakiendesha wenyewe, na wengine wasifike. Ndiyo maana mipaka hiyo iliitwa mipaka ya damu. Kwa vile Marekebisho ya 21 ya Katiba, ya mwaka 1933, yameyaachia majimbo mamlaka juu ya vileo, serikali ya shirikisho, yaani ile ya Washington, ilipitia mfukoni: sheria aliyoitia saini Ronald Reagan Julai 1984 ilikata sehemu ya fedha za barabara kuu kwa jimbo lolote litakalobaki chini ya 21. South Dakota ilishtaki, ikashindwa katika Mahakama ya Juu mwaka 1987 kwa kura 7 dhidi ya 2, na mwaka uliofuata majimbo yote yalikuwa yamekubali. Katika nchi ambayo kijana wa miaka 16 huendesha gari, na baa nyingi hazifikiwi na basi, kuushusha umri huo ni kosa.

Kenya, ambayo sheria yake ya 2010 imeweka 18, ilitoa mwaka 2025 sera inayopendekeza 21. Lakini 21 ya Marekani ina nguzo zake: leseni ya udereva, ambayo katika majimbo mengi huchapishwa wima kwa aliye chini ya umri huo, na muuzaji anayejua kwamba chupa moja inaweza kumfungia duka. Penye chang'aa inayopimwa kwa kikombe uani, bila mnywaji kuulizwa kitambulisho, kitakachobadilika ni maandishi ya sheria tu. Wabunge wa Nairobi na waanze kwa kuisimamia hiyo 18 waliyo nayo.