Kucheza Nako Hufundishwa

Mama wenzangu, tumezoea kusema kwamba mtoto hafundishwi kucheza. Kwa watoto wengi ni kweli. Wetu hapa Madibira huunda magari kwa makopo na kufinyanga ng'ombe kwa udongo wa mfereji, wala hakuna aliyewaelekeza. Lakini wapo ambao ukuaji wao ni tofauti, na kwao mchezo ni somo, kama kushika kijiko.

Katika kutembelea majumbani pamoja na akina mama wa kanisa, nilimfahamu mtoto wa kiume wa miaka minne. Hakusema neno, na ukimwita hakugeuka. Hospitalini masikio yake yalipimwa yakaonekana mazima, na daktari akaeleza kuwa ana usonji. Kutwa alipanga vifuniko vya chupa katika mstari mmoja. Ukivigusa, alilia na kujigonga kichwa ukutani. Majirani walinong'ona kwamba amelogwa. Ilibaki miezi miwili kupandikiza mpunga, na mama yake, asiye na wa kumwachia, aliwaza kumfungia ndani hadi jioni.

"Nesi, huyu hachezi na mtu," bibi yake aliniambia. "Tumeshazoea."

"Bibi, tuanze na mchezo wake yeye," nikamjibu.

Mama akaketi mkekani, uso kwa uso na mwanawe, akiwa na vifuniko vyake mwenyewe. Mtoto akiweka kimoja, naye aliweka kimoja katika mstari wake, bila kuugusa wa mtoto. Siku nyingi zilipita bila kutazamwa. Kisha siku moja mama aliacha kuweka, na mtoto akainua macho kuona kuna nini. Tangu hapo alishika kifuniko mkononi, akasema neno moja tu, "Weka", akangoja huku akihesabu moyoni hadi kumi. Dakika tano asubuhi, tano jioni. Mtoto akichoka, basi.

Baadaye waliviangusha ndani ya kopo, maana mlio wake ulimchekesha. Zamu yangu, zamu yako. Dada yake wa miaka tisa aliushika mchezo huo upesi kuliko sisi wakubwa. Jirani mmoja naye alialikwa mkekani, akaona kwamba mtoto huyu hana la kutisha.

Mpunga ulipopandikizwa, jirani huyo ndiye aliyebaki naye asubuhi, kwa kuwa sasa alijua la kufanya naye. Mtoto bado hasemi, na usonji hauondoki kwa dawa. Lakini mlango haukufungwa.

Mama mwenye mtoto wa namna hii, mpeleke kliniki mapema, naye apimwe kusikia. Usimnyang'anye anachokipenda; ingia humo humo. Tumia maneno machache, kisha umpe nafasi ya kujibu hata kwa jicho. Ikiwa hutia kila kitu mdomoni, acha vifuniko, tumia magunzi ya mahindi au makopo yasiyo na makali. Na sisi majirani, tuketi naye japo kidogo, ili mama apumue.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautaja mchezo pamoja na chakula, mavazi na elimu, kuwa haki ya mtoto. Haikumbagua asiyesema. Nasi tusimbague, wala nyumbani wala katika shule ya Jumapili.