Habari ya Paka wa Jirani na Cheti Chake

Leo siwaletei habari ya vita wala ya njaa. Habari yangu ni ya paka mmoja, tena paka ambaye hapakuwa na mtu aliyemtaka. Pengine mtacheka mkisikia ya kwamba mtu mzima, mwalimu, mwenye mke na watoto watatu, alihangaika siku nyingi kutafuta karatasi kwa ajili ya paka. Chekeni, walakini nisomeni mpaka mwisho.

Hapa kwetu Murusagamba, katika wilaya ya Ngara, ni nchi ya vilima, karibu na mpaka wa Burundi. Twalima maharage, mahindi, mihogo na ndizi, na nyumba nyingi zimefichwa ndani ya migomba. Jirani yangu wa upande wa bondeni alikuwa mama mmoja mjane, mtu mzima sana, aishiye peke yake na paka mweusi. Mavuno yakiisha kuwekwa ndani, panya huja bila kualikwa. Na paka yule alilinda maharage ya mama yule, kisha akapita uani kwangu akayalinda na yangu, wala sikumlipa kitu.

Ndipo kuku wa jirani yetu mwingine wakafa, wanane kwa siku mbili. Kila afugaye kuku ajua kwamba kideri huua hivyo, na kwamba dawa yake ni chanjo kabla ugonjwa haujaingia. Lakini jirani huyo hakusema kideri. Alisema, "Paka yule si paka wa bure, hutumwa usiku." Wengine wakaitikia, "Lisemwalo lipo." Maneno ya namna hii hayana miguu, walakini hufika kila nyumba kabla ya jua kuchwa. Na sisi sote twajua mwisho wake ulivyo. Katika nchi yetu vikongwe wengi wameuawa kwa maneno kama hayo, na macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni yakahesabiwa kuwa ushahidi.

Mwanawe, aishiye Biharamulo, alipopata habari hizo alikuja kumchukua. Usiku wa kuamkia safari mama yule alikuja kwangu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, akaketi, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu mwanangu, kesho nakwenda. Vyungu nimegawa, jembe nimegawa, kuku nimegawa. Paka hapana anayemtaka. Nikienda naye kwa mkwe wangu, na huko yatasemwa haya haya. Nikimwacha, watampiga mawe, nawe utaona kwa macho yako."

Sikuwa na haja ya kufikiri sana; nikamwambia nitamchukua. Lakini alikataa kunipa bure. Akasema, "Kitu cha bure hakina mwenyewe. Nipe hata kidogo, ili ujue umenunua." Nikampa shilingi 500. Akaifunga katika pindo la kanga, akafunga tena fundo la pili, kana kwamba ni bei ya ng'ombe. Kisha nami nikamtaka jambo moja: kwamba asubuhi, kabla hajapanda gari, tupite kwa Mtendaji wa Kijiji tuandikiane.

Mke wangu aliniuliza usiku ule, "Karatasi ya paka ni ya nini?" Nikamkumbusha jambo nililopata kumsimulia. Nilipokuwa mtoto wa shule, mwenzangu niliyekaa naye dawati moja aliumwa na mbwa mguuni. Watu wakauliza, "Mbwa ni wa nani?" Mtu huyu akasema si wangu, na yule akasema si wangu, ingawa mbwa huyo alikula mabaki katika nyumba zao zote. Basi hapana aliyeweza kusema kama alichanjwa au hakuchanjwa, wala hapana aliyejiona ana deni la kumpeleka mtoto hospitali. Jeraha lilikuwa dogo, likafungwa majani, likapona. Baada ya majuma kadhaa mwenzangu alianza kuogopa maji. Alitaka kunywa, naye kikombe kikimkaribia mwili wote ulitetemeka. Hakuishi juma zima. Tangu siku ile nachukia neno "si wangu" kuliko neno lolote la kinywa cha watu.

Asubuhi tukaenda. Mtendaji alicheka sana. Alisema, "Mwalimu, ng'ombe na mbuzi wakihamishwa wilaya nawaona wakipewa kibali. Wa paka sijamwona tangu nianze kazi." Walakini alikuwa mtu wa haki, akachukua karatasi akaandika ya kwamba mama fulani amemuuzia mwalimu fulani paka dume mmoja, mweusi, mwenye alama nyeupe kifuani, na kwamba tangu siku hiyo, kwa mema na kwa mabaya yatakayotokana na paka huyo, mwenye kuulizwa ni mwalimu. Mama yule hajui kusoma. Aliweka dole gumba, nami nikatia sahihi, na muhuri ukapigwa. Alipokwisha kusomewa aliuliza, "Yaani wakisema paka ametumwa, watakuja kwako?" Mtendaji akajibu, "Ndiyo, mama, watakwenda kwake." Hapo nilimwona akitabasamu mara ya kwanza tangu kuku wale wafe.

Gari likaondoka naye, nami nikabaki na paka na nusu ya kazi. Maana karatasi ile ilisema paka ni wa nani, bali haikusema kama ni salama. Nikaenda kwa afisa mifugo kuomba achanjwe kichaa cha mbwa. Watu wengi hudhani ugonjwa huo ni wa mbwa tu kwa sababu ya jina lake. Sivyo. Mbwa ndiye aletaye vifo karibu vyote vya wanadamu, lakini paka naye hupata, na akiuma huambukiza. Paka huchanjwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka.

Afisa alinipokea vizuri, lakini akanieleza shida yake. Dawa ile sharti ikae katika baridi, hivyo huletwa ndani ya sanduku lenye barafu. Tena chupa moja ina dozi 10, na ikifunguliwa yafaa imalizwe siku ile ile. "Siwezi kufungua chupa kwa ajili ya paka mmoja," alisema. "Dozi tisa zitamwagwa. Nitafutie wanyama tisa, nami nitakuja kwenu na sanduku langu."

Basi nikawa mtu wa kubisha hodi. Jioni baada ya masomo nilipita kwa kila mwenye mbwa. Wengine walikubali mara moja. Wengine walisema, "Mbwa wangu nitamleta, lakini asipangwe pamoja na paka yule." Niliwajibu kwamba sindano ni mpya kwa kila mnyama, na dawa ni moja kwa wote, ikiwa paka yule ametumwa, basi na achanjwe, maana hata mjumbe huugua. Walicheka, na mtu akicheka huwa amekwisha fungua mlango kidogo. Nilimfikia na yule mwenye kuku waliokufa. Ana mbwa mkubwa, rangi ya udongo, ambaye watoto wa shule humpita kila siku wakienda na wakirudi. Hakunitukana. Alisema tu, "Mwalimu, wewe umenunua shida yako, usiniuzie mimi."

Siku ikafika. Tukakutana chini ya mti, asubuhi mapema, kabla ya jua kuwa kali. Mbwa walikuwa saba, wamefungwa kamba za katani na za migomba, na paka walikuwa wawili: wangu ndani ya kapu, na mwingine kifuani pa binti mdogo. Wanyama wote walikuwa tisa. Tukamngoja wa kumi. Afisa aliandika vyeti kwanza: jina la mwenye mnyama, kijiji, aina ya mnyama, rangi, umri, tarehe ya chanjo, na tarehe ya kurudia. Alipofika kwangu akauliza, "Jina la mnyama?" Nikakwama. Mama yule alimwita Paka tu. Mwanangu wa pili, aliyeshika kapu, akajibu kwa sauti, "Mlinzi." Ikaandikwa hivyo. Na katika mstari wa mwenye mnyama likaandikwa jina langu, kamili, kama lilivyo katika daftari la shule.

Sindano ni jambo la nukta moja. Mlinzi alilalamika kidogo, basi. Gharama yake haikufika bei ya kuku mmoja. Tulipokwisha tukangoja tena mpaka saa nne, tukitazama njia. Hapana aliyekuja. Afisa alitikisa kichwa, akaeleza kwamba hawezi kurudi nayo ikiwa imefunguliwa. Dozi ya kumi ikapotea hivyo. Namjua mbwa ambaye ingekuwa yake, na watoto wangu wanampita kila siku.

Wasomaji, sisemi haya ili kumshitaki jirani yangu. Nasema kwa sababu nimeona jambo ambalo sikuliona zamani. Tulipoanza, hapakuwa na mtu mmoja aliyemtaka paka yule. Lakini mara alipopata mwenye kuulizwa, mbwa saba na paka mwingine walipata kinga ambayo wasingalipata mwaka ule. Karatasi haikumbadili paka. Alikuwa akikamata panya kabla yake, naye anakamata hata leo. Iliyembadili ni mimi. Kabla ya muhuri nilikuwa mtu mwenye huruma, na huruma yaweza kuondoka mgeni akija au mvua ikinyesha. Baada ya muhuri nilikuwa mtu mwenye deni, na deni hubisha hodi hata usiku.

Ugonjwa huu si wa kuchezewa. Dalili zikiisha kuonekana, karibu hapana mtu aponaye. Duniani huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na katika kila kumi wanne hivi ni watoto walio chini ya miaka 15. Walakini dawa ya kuuzuia ipo tangu zamani. Mwaka 1885, huko Paris, bwana Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa vibaya, naye akaishi. Na si kwa Wazungu tu. Kisiwani Pemba, katika nchi yetu hii, mbwa walichanjwa kwa bidii mpaka ugonjwa ukakoma mwaka 2014. Ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena, nao ukakomeshwa mwaka 2018. Waliojifunza mambo haya wasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Basi, mtu akiumwa au akikwaruzwa na mnyama asiyejulikana, oshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo kama la mwiba. Asingoje kuona kama litapona. La mwenzangu lilipona.

Na kwa wanyama, mbwa au paka alaye mabaki yako, mwandikishe kwa jina lako, mchanje, ukitunze cheti chake pamoja na vyeti vya watoto. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 zipo, lakini sheria haiwezi kumkamata mbwa asiye na mwenyewe, humtafuta mtu.

Mwezi uliopita mama yule alinipigia simu kutoka Biharamulo, kwa simu ya mwanawe. Hakuuliza habari za nyumba wala za shamba kwanza. Aliuliza, "Anakula?" Nikamjibu anakula, tena maharage hayana panya. Nikamsomea cheti chote, mstari kwa mstari, hata tarehe ya kurudia chanjo. Nilipofika kwenye jina la Mlinzi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Jina zuri. Mimi nilimwita Paka kwa sababu nilidhani watu watamwacha."

Sasa tarehe ya kurudia imekaribia, na chupa ni dozi 10 kama ilivyokuwa. Jana jioni nilikwenda tena kwa jirani yangu mwenye mbwa wa rangi ya udongo. Hakusema atakuja, wala hakusema hatakuja. Aliniuliza tu ni saa ngapi. Nikamwambia ni saa moja asubuhi, chini ya mti ule ule, nasi tutangoja mpaka saa nne.

Ndimi ndugu yenu,
Mwalimu, Murusagamba.